Riwaya Tulizosoma Bila Kalamu Mkononi

Katika toleo hili tumeonelea tukupumzishe kidogo na habari za semina, ratiba za mitihani na majina ya waliohitimu. Katika likizo iliyopita walimu wanne wa idara yetu tulipeana ahadi ambayo mwanzoni ilionekana ya kitoto: kila mmoja wetu asome riwaya za Kiswahili kwa ajili ya kujifurahisha tu. Masharti yalikuwa mawili. Kwanza, hakuna kushika kalamu. Pili, hakuna kufungua kamusi mpaka ukurasa wa mwisho ufikiwe. Kitabu kikimalizika anapewa mwenzako, na mazungumzo juu yake yanangoja chai ya saa nne.

Sharti la pili ndilo lililotutesa. Sisi wa huku Uganda, walio wengi wetu, Kiswahili hatukukipata nyumbani; tulikisomea. Ndiyo sababu tumezoea kusoma riwaya ya Kiswahili kama mtu anayekatiza shamba la jirani, kwa hadhari na macho huku na huku. Neno moja tusilolijua linatusimamisha papo hapo, kwa kuwa kesho darasani yupo mwanafunzi atakayeliuliza, na mwalimu wa Kiswahili asiyejua neno la Kiswahili ana aibu ya aina yake. Mmoja wetu alikiri, tukiwa kwenye chai hiyohiyo, kwamba amefundisha neno ngalawa kwa miaka minane kabla ya kuiona ngalawa yenyewe. Tulicheka, lakini kila mmoja alikuwa na ngalawa yake.

Na tukiri jambo jingine. Namna tunavyoifundisha riwaya imekuwa kama kumpasua kuku kabla hajaliwa. Tunaanza na maudhui, tunakwenda kwenye fani. Dhamira kuu, dhamira ndogondogo, wahusika, mandhari, matumizi ya lugha. Mwanafunzi anatoka na daftari lililojaa, na wapo wanaopata alama nzuri juu ya riwaya ambayo hawajawahi kuifungua, maana nakala mbili za maktaba haziwezi kuwatosha watu arobaini na karatasi za maelezo zinapatikana kwa bei ya soda. Hatuwalaumu. Na sisi tulipita hukohuko.

Riwaya ya kwanza kuzunguka mezani petu ilikuwa Vuta n'kuvute ya Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1999. Wote wanne tulikwisha kuifundisha au kufundishwa. Tungeweza kukuambia usingizini kwamba inahusu ukoloni, ndoa ya kulazimishwa, ubaguzi wa rangi na harakati za ukombozi Zanzibar ya miaka ya 1950. Yote hayo ni kweli, na yote hayo hayamwambii mtu kwa nini kitabu hiki kinamkosesha usingizi.

Yasmin ni msichana wa Kihindi mwenye umri wa miaka 15 anayeozwa kwa mwenye duka aitwaye Raza, mtu aliyekwisha kupita miaka 50. Anatoroka, ndugu zake wanamfungia mlango, na anayempokea ni Mwajuma, mwanamke Mswahili wa Ng'ambo, mwimbaji wa taarabu, asiyekuwa na mali yoyote ila chumba chake na moyo wake. Hapo ndipo riwaya inapoanza kupumua. Tukisoma bila kalamu tuligundua kuwa siku zote tulikuwa tukimwandikia Mwajuma mistari mitatu ubaoni chini ya kichwa cha "wahusika wadogo", ilhali kitabu kizima kinaegemea juu yake. Yeye ndiye anayemfundisha Yasmin kukaa kitako katika dunia isiyokuwa ya kwao: namna ya kujipamba, kula, kujibu, kutoka usiku. Maneno yake ni ya haraka, yana utani na yana huruma bila ya kuitangaza huruma hiyo. Wanawake hawa wawili wanakuwa mashoga, na tunalitumia neno hili kwa maana yake ya Unguja, ya marafiki wa kike wanaoaminiana. (Darasani neno hili huzua vicheko kila mwaka kwa sababu ya maana nyingine inayojulikana huku bara, na kila mwaka dakika kumi za kipindi hupotea.)

Denge je? Huyu ndiye kijana aliyesoma Urusi, mpigania uhuru anayewindwa na polisi wa Inspekta Wright, na ndiye Yasmin anayempenda. Tulitofautiana juu yake. Wawili kati yetu waliona kuwa ni shujaa wa kweli kwa sababu hana nafasi ya kupenda, siasa imemla. Wengine wawili, na mwandishi wa safu hii yumo miongoni mwao, tuliona kuwa Denge anapozungumza na wenzake mara nyingi tunasikia karatasi ya chama ikisomwa. Hatusemi kuwa mawazo yake ni mabaya. Tunasema kuwa Mwajuma akifungua kinywa tunamwona na kanga yake, na Denge akifungua kinywa tunaiona hoja. Adam Shafi anaijua kazi ya hoja. Aliifanya vizuri zaidi, kwa maoni yetu, katika Kuli ya mwaka 1979, ambamo mgomo wa mwaka 1948 unatokana na migongo ya watu bandarini wenyewe kabla haujatamkwa na kiongozi yeyote.

Hapa tunaomba radhi kidogo kutoka nje ya riwaya, kwa sababu jambo lililotokea kwa kitabu hiki halikutokea mezani petu bali nyumbani kwa mmoja wetu.

Wasomaji wetu wa Uganda hawahitaji kuelezwa sifa mbaya ambayo Kiswahili kilikuwa nayo hapa. Kilitujia kikiwa kimevaa buti. Kilikuwa lugha ya askari wa King's African Rifles wakati wa ukoloni, kikabaki kambini baada ya uhuru, na Idi Amin alipokitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973 watu wengi walikisikia kama amri nyingine tu. Kwa kizazi kizima, hasa cha sehemu za Buganda, Kiswahili ni sauti ya mtu mwenye bunduki kwenye kizuizi cha barabarani. Katiba iliporekebishwa mwaka 2005 na Kiswahili kupewa nafasi ya lugha rasmi ya pili, na Baraza la Mawaziri lilipoidhinisha mwaka 2022 kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari, sisi wa idara tulishangilia. Lakini sheria haiwezi kuingia katika masikio ya mtu na kufuta alichokisikia.

Mama mzazi wa mwenzetu huyu ni mmoja wa watu hao. Mwana alipochagua kusomea Kiswahili chuo kikuu, mama hakugomba, ila alikuwa akiwaambia majirani kuwa mwanawe anasomea ualimu, basi, bila kutaja wa nini. Zamani, mwenzetu anasema, Kiswahili kikisikika njiani jioni mama alikuwa akizima taa ya chemli. Sasa ni mzee, macho yamepungua nguvu, na likizo ile mwana alikuwa akisomea barazani karibu yake. Mama akauliza anasoma nini kinachomchekesha peke yake. Akamsomea kwa sauti mazungumzo ya Mwajuma na Yasmin, kurasa tatu au nne. Mama anakielewa Kiswahili kuliko anavyokubali. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema kwa Kiganda: kumbe Kiswahili nacho kina wanawake.

Tumelirudia neno hilo mara nyingi kwenye chai. Tumeandika silabasi, tumehudhuria makongamano, tumetoa kila sababu ya kiuchumi na ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa nini Mganda ajifunze Kiswahili. Hatukuwahi kufikiri kuwa mtu angeweza kukiogopa kwa miaka hamsini kwa sababu hakuwahi kusikia wanawake wawili wakitaniana kwacho.

Sasa twende ziwani. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilitoka mwaka 1971, ikapigwa marufuku mashuleni kwa muda, kisha ikaja kuwa kitabu kinachosomwa. Kezilahabi alifariki dunia Januari 2020 na wengi wetu tulirudi kwake kwa njia ya majonzi. Safari hii tulirudi kwa raha, kama raha ni neno lake. Riwaya yenyewe si ya raha hata kidogo: Zakaria mlevi anampiga binti yake Rosa bila huruma kwa sababu ya barua ya mvulana, na msichana aliyelelewa ndani ya woga wa wanaume anapofika shule ya mbali na baba yake hajui kujizuia wala hajui anajizuia na nini. Mwisho wake unajulikana. Tulidhani kuwa kwa kuujua mwisho huo kitabu kisingetuuma. Kilituuma.

Lakini lililotushangaza ni jambo dogo. Mwenzetu anayetoka Mbarara alikimaliza kwa siku moja na nusu, wakati Vuta n'kuvute ilimchukua wiki mbili. Alipoulizwa alisema kuwa kwa Kezilahabi hakuhisi kuwa ni mgeni. Tulianza kumtania, kisha tukaona ana hoja. Ukerewe ni kisiwa cha ziwa hilihili tunalolitazama tukiwa Entebbe. Kikerewe ni ndugu wa Kihaya na Kizinza, na wala hakiko mbali na Runyankore. Mtu aliyekulia huko akijifunza Kiswahili shuleni, kama sisi tulivyojifunza, anakiandika kwa sentensi fupi, zilizonyooka, zisizojivunia chochote. Maneno ya baharini hayamo. Watu wanalima, wanavua samaki wa maji baridi, wanakwenda kanisani, wanakunywa pombe kwa nyasi za kijijini mwao. Zamani wahakiki wengine walimwona Kezilahabi kuwa Kiswahili chake ni cha bara, na wakalisema hilo kama kasoro. Sisi tumelichukua kama mwaliko. Kama Kiswahili cha Namagondo kinaweza kubeba Rosa na Zakaria, kwa nini Kiswahili cha Mbarara, cha Gulu au cha Masaka kisiweze siku moja kubeba watu wake? Waganda wanaoandika riwaya kwa Kiswahili ni wa kuhesabika, na woga ule wa shamba la jirani tuliousema mwanzoni umechangia sana.

Hata hivyo tusimtie Kezilahabi sukari. Tukisoma upya, tuliona kuwa anaharakisha mno sehemu za mwisho. Watu wanakufa haraka kuliko msomaji anavyoweza kuwalilia, na mwandishi anaingilia kati kutueleza tulichokwisha kukiona. Alikuwa kijana wa miaka ya ishirini alipoiandika. Inajulikana.

Baada ya mazito hayo tulihitaji kupumua, na hapa ndipo zilipoingia riwaya za upelelezi, ambazo katika mihutasari yetu hutajwa kwa aya moja chini ya jina la "fasihi pendwa" kama kwamba nyingine zote hazipendwi. Tulisoma Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, iliyoshinda shindano la uandishi la mwaka 1957-58 na kuchapishwa 1960. Bwana Msa na kiko chake, Najum akimfuata nyuma bila kuelewa, na maiti ya Bwana Ali kwenye mzimu. Ni kweli kwamba amemwazima Sherlock Holmes wa Waingereza. Lakini Holmes hana mazungumzo ya namna hii. Watu wa Abdulla hawana haraka. Wanasalimiana, wanazunguka maneno, wanarudi, na katikati ya mzunguko huo ndimo ushahidi ulimofichwa. Msomaji anayeruka salamu ili afike kwenye mauaji atayakosa mauaji. Tuliisoma kwa zamu, kwa sauti, na karani wa ofisi ambaye hakuwa katika ahadi yetu alianza kuja na kikombe chake.

Tulisoma pia Kikosi cha Kisasi ya Elvis Musiba, ya mwaka 1979, ambamo Willy Gamba anapelekwa Kinshasa. Usiku mmoja, kitabu kimekwisha. Hatuoni haya. Wanawake wa Musiba ni wazuri wote na hawana la ziada, risasi hazimpati Willy hata kwa bahati mbaya, na bado ukurasa unageuka wenyewe. Jambo moja la kufikirisha: kwa Musiba, Dar es Salaam, Nairobi, Lusaka na Kinshasa ni mitaa ya mji mmoja, na adui ni ubeberu wa kusini mwa Afrika. Kijana wa leo anayelijua bara hili kwa foleni za mipakani atashangaa kuona jinsi lilivyokuwa dogo.

Tumekiacha kitabu cha mwisho mpaka sasa kwa makusudi, kwa sababu ndicho kilichotugombanisha. Ni Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994. Gurnah alipata Tuzo ya Nobeli mwaka 2021, na tafsiri hii ikachapishwa mwaka uliofuata. Mzaliwa wa Zanzibar, anayeandika kwa Kiingereza akiwa Uingereza, ilimbidi angoje Nobeli ndipo asomwe kwa lugha ya mama yake. Tulianza kusoma tukiwa na kinyongo hicho.

Kinyongo kiliyeyuka mapema. Yusuf ana miaka 12 anapochukuliwa na tajiri Aziz, aliyezoea kumwita kama jamaa yake, na ni Khalil, kijana wa dukani, anayemfumbua macho kuwa huyo si mtu wa ukoo wake, ni bwana wake. Amewekwa rehani kwa deni la baba yake. Bustani ya nyumba ya tajiri imeandikwa kwa namna ambayo msomaji anasikia maji. Anayekijua kisa cha Nabii Yusuf ataona njia aliyoifuata Gurnah, na asiyekijua hapotezi kitu. Tukiwa walimu tulikuwa tumejiandaa kuwinda makosa ya tafsiri. Baada ya sura mbili tulisahau kuwinda. Mazungumzo hasa yanasikika kana kwamba yamerudi nyumbani baada ya kukaa ugenini, na huenda ndivyo ilivyo.

Ugomvi ulianza msafara wa Aziz ulipoondoka pwani kuelekea bara. Mnyapara Mohammed Abdalla mbele, wapagazi, ngoma, bidhaa, na njiani maneno ya watu wa pwani juu ya watu wa bara: washenzi, wala watu, wachawi. Hatukuwahi kulisikia neno mshenzi likituuma hivyo. Kwa Kiingereza tulipoisoma zamani neno hilohilo lilikuwepo, likiwa limelala katikati ya maneno ya kigeni kama jiwe la makumbusho. Kwa Kiswahili liliamka. Ghafla tulielewa kuwa katika msafara huu hatumo. Sisi ni wale wanaosubiriwa upande wa pili wa safari. Chatu, yule mtawala wa bara anayewanyang'anya wafanyabiashara mali zao, ni mtu wa upande wetu.

Mwenzetu wa Mbarara alikifunga kitabu siku mbili. Alisema kuwa hakuvunja sharti la kamusi ili aje atukanwe. Wengine tukamjibu kuwa Gurnah haungi mkono maneno hayo. Anayaweka vinywani mwa watu ambao wao wenyewe wamezungukwa na utumwa, madeni na Wajerumani wanaokaribia, na wala hawaoni. Chatu anapowauliza wafanyabiashara juu ya madhara waliyoleta waliomtangulia, kitabu kinamsikiliza. Yeye akasema: sawa, anasikilizwa, lakini msomaji amekaa na Yusuf, hajakaa na Chatu. Kwa hilo hatukupata jibu, na hatudhani kuwa lipo. Kiswahili ambacho Mwajuma alikitumia kumfungulia Yasmin mlango ni hichohicho walichokitumia wasafiri wale kutuita washenzi. Alirudi kwenye kitabu siku ya tatu, akakimaliza, na akasema kuwa ni bora kuliko vyote tulivyovisoma, kwa sauti ya mtu anayelipa deni asilolipenda.

Tulipofungua kamusi hatimaye, kama masharti yalivyoruhusu, kila mmoja alikuwa na orodha yake kichwani. Ilikuwa fupi kuliko tulivyoogopa. Maneno mengi tuliyokuwa hatuyajui mwanzoni tulikuwa tumekwisha kuyajua bila kuambiwa, kama mtoto anavyoyajua.

Vitabu vyote vilivyotajwa vimo ofisini, kabati la kushoto, isipokuwa Vuta n'kuvute, ambayo mama wa mwenzetu bado hajaimaliza. Anasomewa kurasa chache kila Jumapili baada ya misa. Anamchukia Raza kuliko sisi sote, na ameulizia kama mwandishi ana kingine chenye Mwajuma ndani yake.